Skolashipu isiishie kwenye ada: niliyowaambia wanafunzi wa PhD ya theolojia pale Moshi

(Nimeandika karibu kama nilivyoongea, wenzangu waliokosa walikuwa wanaomba. Vichekesho vingine nimevitoa maana kwenye maandishi havichekeshi.)

Bwana Yesu asifiwe. Na wenzetu Wakatoliki mlioshuka kutoka Kibosho kuja kutusikiliza, tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu wa mstari wa mbele shikamooni, Baba Wakuu wa majimbo, wachungaji, wainjilisti, na ninyi wanafunzi wa masta na PhD ambao ndio wenye kikao, habari za asubuhi. Nimeambiwa niongelee ufadhili kwa wanafunzi wa PhD ambao wanafikiria kwenda kufundisha theolojia, na neno "wanafikiria" naomba mlishike, nitalirudia.

Nianze na jambo lenyewe kabisa maana nikianza kuzunguka tutafika saa nane mchana. Hapa kwetu tukisema ufadhili wa PhD kila mtu anachoona kichwani ni ada. Mtu akipata wa kumlipia ada tunasema huyo amepata, tunamfanyia ibada ya kumuaga, akina mama wanamvisha kitenge, kwaya inaimba, tunamsindikiza uwanja wa ndege wa KIA, imeisha hiyo. Mimi nawaambia wengi ninaowafahamu waliokwama hawakukwamishwa na ada. Walikosa muda, walikosa watu wa kuwashika mkono, na wengine wakamaliza vizuri tu halafu wakakosa kiti cha kukalia waliporudi. Kwa hiyo mfadhili akija, awe shirika la nje, awe dayosisi, awe usharika wako wa huko mgombani, akauliza tukusaidie nini, jibu lisiwe ada peke yake.

Mwaka wa kwanza wa PhD ni mtamu. Unaandika proposo, kijijini wameshaanza kukuita Dokta kabla ya wakati, mama mmoja anakuja kukuonyesha mguu unaomuuma. Mwaka wa pili unaenda fildi, unazunguka sharika za Machame au Meru na simu yako ya kurekodia, unahoji wazee, kila nyumba unapewa ndizi, bado raha ipo. Mwaka wa tatu ndio unakaa chini uandike, na hapo hapo inakuja barua kutoka kwa mfadhili kwamba muda wa ufadhili umeisha, tunakutakia kila la heri. Skolashipu nyingi ni za miaka mitatu, na tasnifu nyingi za theolojia haziishi miaka mitatu, hasa kama ulitumia miezi mingi kujifunza lugha. Ukienda Ujerumani vitivo vya theolojia vinataka Kiebrania na Kigiriki, na mara nyingi Kilatini juu yake, na wewe Kigiriki chako ulikiacha kwenye mtihani wa mwaka wa pili wa digrii ya kwanza, bado Kijerumani chenyewe cha kuongea na mwenye nyumba. Hizo lugha zinakula muda na hakuna mtu anayezihesabu kwenye ile miaka mitatu.

Sisi wa mlimani tunajua mbuni wa kahawa unakaa miaka mitatu mpaka minne kabla hujachuma kitu cha maana, na sijawahi kuona mkulima anaacha kupalilia mwaka wa tatu eti bajeti imeisha. Ila kwenye PhD tunafanya hivyo kila siku na hatushtuki.

Sasa kinachofuata mnakijua. Unarudi nyumbani na chapta mbili na nusu, mkuu wa jimbo anakuona upo upo, kuna usharika hauna mchungaji, unapangiwa. Usharika wenyewe una mitaa minne. Katikati ya juma misiba na vikao, Jumamosi ndoa, Jumapili ibada mbili na mnada, na hapo katikati unatakiwa uandike chapta ya tatu inayohusu nadharia za ufafanuzi wa maandiko. Supavaiza wako yuko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, au Stavanger, Norway, anakuandikia imeili ya upole, halafu nyingine ya upole kidogo, halafu kimya. Miaka inapita. Watu wanakuita Dokta mpaka leo na wewe unaitika tu, utafanyaje.

(Hapa mzee mmoja mstari wa mbele akasema kwa sauti, "Huyo namjua!" Ukumbi mzima ukacheka. Nikamwambia baba, wote tunamjua, na wako wengi.)

Haya, tuangalie wenzetu wamelifanyaje, na ninaposema wenzetu simaanishi tuwaige kila kitu. Mwaka 1954, ule ule mwaka ambao chuo chetu cha theolojia sisi Walutheri kilihama kutoka Lwandai kule Usambara kikaja Makumira, kule Marekani ulianzishwa mfuko uliokuja kuitwa Fund for Theological Education, siku hizi unajulikana kama Forum for Theological Exploration. Hela ilitoka kwa familia ya Rockefeller, wale wa mafuta. Kitu walichoanza nacho kilikuwa cha ajabu kidogo, walikuwa wanamchukua kijana mwenye akili ambaye hana uhakika kabisa kama anataka kuwa mchungaji, wanamlipia mwaka mmoja wa kusoma seminari ajaribu. Mwaka mmoja tu, ukiona sio wito wako unaondoka, hakuna anayekudai wala kukuita msaliti.

Sasa jaribu kupeleka wazo hilo kwenye kamati yetu ya elimu! Kwetu kabla hujapewa hata nauli ya kwenda Dar unaulizwa una uhakika na wito, unasaini karatasi, mzee wa kanisa anasaini, baba yako anaitwa asikie. Naelewa sababu, hela ni ngumu na tumeshaumizwa na watu walioenda wakapotelea huko. Lakini kuna watu wazuri sana tunawapoteza kwa sababu tunawataka wawe na uhakika wa jambo ambalo hawajawahi kulionja. Utajuaje kama wewe ni mwalimu wa theolojia na hujawahi kusimama mbele ya darasa la watu ishirini waliochoka baada ya chakula cha mchana ukawafundisha historia ya mtaguso wa Nikea wakabaki macho? Kwa hiyo wewe uliye hapa unayesoma PhD na bado hujui kama unataka kufundisha au kurudi usharikani, usijione una kasoro. Kufikiria kunaruhusiwa. Ufadhili mzuri unaacha nafasi ya kufikiria na unakupa darasa la kujaribia.

Wale wale wa mfuko wa Marekani baadaye wakaangalia vyuo vyao vya theolojia wakaona walimu weusi wanahesabika. Watu kama Benjamin Mays, rais wa Morehouse College kule Atlanta, huyo ndiye aliyemlea Martin Luther King kimawazo akiwa mwanafunzi, na C. Shelby Rooks aliyekuja kuuendesha mfuko, walisukuma sana upande wa wanafunzi weusi, kwanza waingie seminari, halafu ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 ikawa sasa wafike PhD, kwa hoja rahisi kwamba huwezi kulia vyuo havina walimu wa aina fulani wakati hakuna mtu anayewapeleka hao watu mpaka mwisho wa ngazi. Kwa miaka mingi mfuko huo umesaidia wanafunzi wa PhD kutoka jamii ambazo hazina walimu wengi kwenye vyuo vya theolojia vya kule. Naona kuna watu wameshatoa simu wanatafuta. Rudisheni simu mfukoni, huo ni wa watu wa kule kwao, mimi nautaja kwa ajili ya hoja.

Kuna mwingine ninaoupenda zaidi, na hapa nitakaa kidogo. Mwaka 1996 mwanahistoria wa kanisa anaitwa Justo González, mzaliwa wa Cuba, alianzisha mpango wa kusaidia Walatino, yaani watu wa Marekani wenye asili ya Latin Amerika, wanaosoma PhD ya theolojia na dini, unaitwa Hispanic Theological Initiative. Pamoja na hela, kila mwanafunzi anapewa mwalimu mlezi ambaye sio supavaiza wake, mtu aliyeshapita njia ile ile, wa kumpigia simu na kumwambia nimechoka. Wanakutana kila mwaka, wanasomeana kazi. Na kuna wahariri, watu kabisa ambao kazi yao ni kukaa na tasnifu yako kurasa kwa kurasa, maana wengi wao Kiingereza ni lugha ya pili. Mnaelewa uzito wa hilo? Ni wangapi humu ndani chapta imerudishwa na maneno "lugha irekebishwe" na hakuna mtu aliyekuonyesha inarekebishwaje? Wewe unawaza kwa Kichaga au Kimeru, unahubiri kwa Kiswahili, unaandika kwa Kiingereza, unanukuu Kijerumani, halafu mtu anakuandikia pembeni "haieleweki". Mhariri mmoja mwenye subira anaweza kukuokolea mwaka mzima. Na wala hahitaji kutoka nje, tuna walimu wastaafu kibao Moshi hii wenye Kiingereza kilichonyooka wanaokaa nyumbani wanasoma magazeti, ni nani amewahi kuwaomba?

Kwa hiyo nikisema watu wa kukushika mkono simaanishi watu wa kukuombea tu, ingawa na hao waendelee.

Sasa turudi Afrika. Mwishoni mwa 1957 kuingia 1958 Baraza la Kimataifa la Misheni lilikutana Achimota, Ghana, nchi haina hata mwaka tangu ipate uhuru, na pale ukazaliwa mfuko wa elimu ya theolojia, Theological Education Fund, kwa dola milioni 4, nusu za Rockefeller tena na nusu za mashirika ya misheni ya Marekani. Hela hiyo ilijenga maktaba na kuinua vyuo Afrika, Asia na Latin Amerika, na ililipia watu kusoma. Mmoja wao alikuwa kasisi kijana wa Afrika Kusini aliyeenda King's College London mwaka 1962, anaitwa Desmond Tutu. Alipomaliza alirudi kufundisha, kwanza chuo cha theolojia kwenye mji wa Alice kule kwao halafu Lesotho, na mwaka 1972 mfuko ule ule ukamwita awe naibu mkurugenzi wa Afrika, ofisi ikiwa Bromley, Uingereza, kazi yake kuzunguka bara hili kutembelea vyuo vinavyoomba msaada na kuona nani asaidiwe. Yaani aliyefadhiliwa jana ndiye anakaa upande wa pili wa meza. Mkurugenzi wake alikuwa Shoki Coe wa Taiwan, na ni miaka hiyo hiyo watu wa mfuko huo walipoanza kusema kwa nguvu kwamba theolojia ijibu maswali ya mahali inapofundishwa.

Na halikuwa jambo la Ulaya peke yake. Mwaka 1976 wanatheolojia wa Afrika, Asia na Latin Amerika walikutana Dar es Salaam hapo wakaunda umoja wao. Miaka mingi kabla, 1955, Walutheri wa Afrika nzima walishakutana Marangu, hapo juu tu. Makumira ikaanza kuchapa Africa Theological Journal mwaka 1968. Sisi sio wageni kwenye mazungumzo haya, ila mazungumzo yanataka watu wanaoyaendeleza kila siku darasani, na watu hao hawaoti.

Kwa Wakatoliki mfano wangu ni Padre Charles Nyamiti, Mtanzania mwenzetu, alisoma Louvain, Ubelgiji, mpaka udaktari, akarudi kufundisha Kipalapala kule Tabora na baadaye Nairobi, maisha yake kwa sehemu kubwa yakawa darasa na vitabu. Vitabu vyake vinasomwa mbali kuliko sisi tunavyovisoma hapa. Waliompeleka walimwacha afanye kazi aliyoisomea, na hapo ndipo nataka niwaguse wakubwa wangu, mtanisamehe.

Kanisa linapata mtu mmoja mwenye PhD baada ya miaka saba minane ya kuhangaika. Anarudi, anafundisha mihula miwili, halafu tunamkumbuka. Anakuwa mkurugenzi wa idara, anakuwa katibu, anaingia kamati kumi na moja, na uchaguzi ukikaribia jina lake linaanza kuzunguka WhatsApp. Sisemi wasomi wasiongoze, Mungu anaita watu kwenye uongozi na wengine wameongoza vizuri. Nasema tunapeleka mtu kusomea Agano la Kale halafu tunampa kusaini vocha za mafuta ya gari, na chuo kinabaki na mhadhiri msaidizi mwenye masta anayebeba kozi tano peke yake, ambaye yeye naye kwa taratibu za TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hawezi kuitwa mhadhiri mpaka apate PhD, na hawezi kwenda kusoma PhD kwa sababu akiondoka hakuna wa kufundisha. Mnaona tulivyojifunga wenyewe?

Upande mwingine kuna aliyemaliza na hana kiti kabisa. Vyuo vyetu vya kanisa vinaishi kwa ada za wanafunzi, na mara nyingi darasa la theolojia ni dogo wakati la ualimu na la biashara limejaa mpaka dirishani, kwa hiyo chuo kinaajiri kule penye wanafunzi. Huwezi kumlaumu mhasibu. Kule Kentucky kuna taasisi inaitwa Louisville Institute, inaendeshwa kwa hela za Lilly Endowment, hao wameliona hilo wakaweka ufadhili kwa aliyekwisha kumaliza PhD, anapelekwa chuo cha theolojia kwa miaka miwili anafundisha akiwa na mwalimu mzoefu wa kumlea, na chuo kinapata mwalimu bila kuvunja bajeti yake. Miaka miwili inatosha chuo kumzoea mtu na mtu kujua kama anakiweza chuo. Kwetu hata mwaka mmoja ungetosha kuanzia.

Akina dada. Sitapita haraka hapa ingawa mwenyekiti ameanza kuniangalia. Kanisa letu lilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwanzoni mwa miaka ya 1990, hilo tunajisifia kwenye kila sherehe. Mwaka 1989 kule Legon, Ghana, Mercy Amba Oduyoye na wenzake walianzisha umoja wa wanatheolojia wanawake wa Afrika, wanaandika na kuchapisha mpaka leo. Sawa. Sasa chukua fomu ya skolashipu. Mwisho miaka thelathini na tano, usafiri mwenyewe, posho ya mtu mmoja. Dada aliyeolewa, ana watoto wawili, mama mkwe anauliza unaenda miaka mitatu unamwachia nani nyumba, na mumewe mchungaji amehamishwa wilaya nyingine, huyo fomu imeshamwambia hapana kabla ya kamati kukaa. Halafu tunasema wanawake hawaombi. Tutu mwenyewe London alikaa na mkewe na watoto wakamfuata, na sijasikia mtu anasema ilimpunguzia akili. Ufadhili usiohesabu watoto unachagua wanaume bila kuandika popote kwamba unachagua wanaume.

(Hapa akina mama walipiga vigelegele, nikasubiri.)

Mtaniuliza hela itoke wapi. Nimekaa kwenye minada ya baada ya ibada huku kwetu, nimeona trei ya mayai inauzwa mara tatu kwa sababu kila anayenunua anairudisha madhabahuni, nimeona jogoo mmoja amenunuliwa kwa bei ambayo angekuwa na akili angeona aibu. Nimo kwenye magrupu ya michango ya harusi na send-off kama ninyi, ahadi zinakimbia pale kila jioni. Hela ipo, tena ya kutosha, ila haijawahi kuambiwa iende huku. Mwaka 1889 mji wa Caen, Ufaransa, mwanamke anaitwa Jeanne Bigard na mama yake Stéphanie walipata barua kutoka kwa askofu wa Nagasaki, Japani, anasema ana vijana wanataka kuwa mapadre na hana hela ya kuwasomesha. Wale wanawake wawili wakaanza kuchangisha, na kile walichoanzisha ndicho kilichokuja kuwa Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo mpaka leo linalisha seminari huku kwetu Afrika. Hawakuwa na Rockefeller, walianza nyumbani kwao.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo makusudi. Tusianzishe mfuko mkubwa wenye bodi na gari. Dayosisi moja, au hata jimbo moja, ibebe mtu mmoja kwa mwaka mmoja wa kuandika. Yule aliyekwama mwaka wa tatu, sio anayeanza. Mwaka huo asipangiwe usharika, tumlipie mwinjilisti wa kushika zamu zake, tumpe bando, bima ya familia, chumba chenye meza na mlango unaofungwa, na nauli moja ya kwenda kukaa na supavaiza wake uso kwa uso. Na mwalimu mstaafu mmoja wa kumsomea kazi. Basi. Akimaliza, huyo ndiye anafundisha muhula mmoja kwenye chuo chetu cha Mwika au Makumira bila kuhesabiwa kwamba analipa deni, halafu tuone. Nina hakika itatoka bei ndogo kuliko kumpeleka mtu mpya nje aanze upya.

Kwa ninyi mnaoomba ufadhili wa nje, maneno machache ya haraka. Someni masharti mpaka mwisho. Langham kwa mfano, ule mpango aliouanzisha John Stott, mchungaji Mwingereza, unalenga watu watakaorudi kwao kufundisha, kwa hiyo ukiandika barua nzuri sana kuhusu ndoto zako bila kutaja ni chuo gani kinakusubiri nyumbani umejimaliza mwenyewe, nenda kwanza kaongee na mkuu wa chuo akupe barua. Anayekwenda Ujerumani bila skolashipu ya kumlipia maisha ajue ubalozi utataka aonyeshe hela ya kuishi kwenye akaunti maalumu inayofungwa, kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, sasa usije ukafurahia kwamba chuo hakina ada ukasahau hiyo. Na barua za kukutambulisha msiombe siku tatu kabla ya dedlaini. Baba Askofu ana safari, katibu wake ana foleni, na ile barua ya "namfahamu mwombaji ni Mkristo mzuri" haimsaidii mtu, mwandikie mwenyewe maelezo ya kazi yako nusu ukurasa umpe aifanyie kazi.

Jambo jingine kuhusu maombi, msijifanye mna uhakika ambao hamna. Nimewahi kukaa upande wa kusoma fomu, ukisoma thelathini mfululizo zote zinasema tangu utotoni nilitamani kuwa mwalimu wa theolojia unaanza kusinzia, halafu anatokea mmoja anaandika nilikuwa usharikani miaka minne, wanakwaya wakaniuliza swali kuhusu mizimu ya mababu sikuweza kujibu, vitabu nilivyosoma chuoni havikuwa nalo, nataka kwenda kulitafutia jibu na kama nikilipata nadhani nitataka kulifundisha. Huyo "nadhani" nilimpa alama zangu zote.

Dakika zangu zimeisha, mwenyekiti amesimama kabisa sasa. Pale mlangoni kuna meza ina daftari. Mliopo mwaka wa tatu na wa nne, na mliopitiliza huko msione haya, andikeni jina, chapta mliyofikia, chuo, na jimbo lako, kwa mwandiko unaosomeka. Baba Wakuu wa majimbo, kila mmoja ataondoka na nakala ya majina ya watu wake, na ninaomba kabla ya kikao cha mipangilio ya wachungaji cha mwaka huu muwe mmechagua angalau jina moja la kuliacha bila kulipangia usharika.